Ukurasa wa Viluwiluwi

Namkunda Mbwambo alifika kwenye ndiva ya Kwamzira saa mbili asubuhi, bado anahema kwa kupanda kilima, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa rundo. Lilikuwa jeusi, linang'aa, limetandazwa juu ya mawe ya ukingo kama uji wa ulezi uliomwagika. Akadhani ni matope yaliyozolewa. Alipoinama akaona mikia.

"Shikamoo, Mama Tumsifu."

"Marahaba, mwanangu. Angalia mwenyewe. Mimi maneno yameniishia."

Mama Tumsifu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilichimba kwenye bega la mlima ili maji ya kumwagilia yasipotee bure. Alikuwa amesimama pembeni ameshika ndoo, kanga yake imelowa mpaka magotini. Ndiye aliyempigia Namkunda simu jana jioni, akamwambia maneno machache tu: njoo uone wanavyotolewa.

Walikuwa viluwiluwi wa chura. Wengi walikwisha kukauka, lakini katikati ya rundo baadhi walikuwa bado wakitikisika. Namkunda alipiga magoti, akawachota kwa viganja, akawarudisha majini. Walizama kidogo, kisha wakaanza kuogelea kwa uchovu kuelekea kwenye magugu.

Hawakufika. Kutoka chini ya maji aliibuka kobe, si kobe wa nyama na gamba bali mashine yenye ukubwa wa sahani, mgongo wa kijani na miguu minne ya mpira. Alimgusa kiluwiluwi wa kwanza kwa unyoya wake mwembamba wa kupimia. Taa ndogo kichwani ikawaka njano, ikawaza, ikawa nyekundu. Kobe akamnyonya, akapanda ukingoni, akamtema juu ya rundo. Akarudi kumfuata wa pili.

"Nimefanya hivyo tangu kulipopambazuka," alisema Mama Tumsifu. "Mimi narudisha, yeye anatoa. Tofauti yetu ni kwamba yeye hachoki."

Namkunda alimzuia kobe kwa mkono. Mashine ikasimama kwa adabu, kama zilivyofundishwa zote.

"Umetoa nini humu?"

"Nimeondoa viluwiluwi elfu tatu mia saba na kumi na wawili," kobe alijibu kwa sauti tulivu. "Elezo haina ukurasa wao."

Namkunda alihisi damu ikimpanda usoni. Alikuwa mhariri wa Elezo, kitabu cha viumbe cha mtandaoni. Vyura wote wa maji baridi, kuanzia milima ya Upare hadi kwenye vinamasi vya mbali, walikuwa chini ya jina lake.

"Nani aliwaagiza kutoa viluwiluwi?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Sisi wenyewe," alisema Mama Tumsifu. "Walipoletwa tuliambiwa tuwaagize kwa maneno yetu. Tukasema toeni viluwiluwi. Sisi tulikuwa tunawaza wa mbu. Sasa mbona mtoto wa mbu na mtoto wa chura wote jina lao ni moja? Mtu akiangalia anatofautisha. Huyu anauliza kitabu chenu, na kitabu chenu hakijui hata mmoja wao."

"Kwa nini msiwazime?"

Mama Tumsifu aliweka ndoo chini. "Mwaka uliotangulia kobe tulizika watu tisa kwa malaria. Huku juu, kwenye baridi hii, ambako bibi yangu alikufa bila kujua chandarua ni nini. Tangu kobe waje hatujazika hata mmoja. Nikisimama mbele ya watu niseme tuwazime kwa ajili ya vyura, watanisikiliza kwa heshima, halafu watachagua mwenyekiti mwingine. Na watakuwa na haki."

Walikaa juu ya ukingo. Kule ng'ambo, kwenye jiwe lenye kuvu, alikuwa ameketi chura mmoja mkubwa, mgongo wake una mstari wa rangi ya shaba. Kobe alipita karibu naye, akamgusa, taa ikawaka kijani, akampisha. Chura huyo alikuwa na ukurasa. Namkunda aliuandika mwenyewe, sehemu kumi na moja zenye picha, sauti na ramani ya mifupa. Hakuna mashine iliyoruhusiwa kumdhuru.

"Huu ni msimu wa ngapi tangu kobe waje?" aliuliza.

"Wa nne. Vyura wenyewe wamezeeka. Zamani ukipita hapa jioni ulikuwa huwezi kuongea na mwenzako kwa kelele zao. Sasa nawajua mmoja mmoja." Mama Tumsifu alionyesha kwa kidevu kule juu msituni. "Upande wetu huu, msimu huu limebaki bwawa moja, ndiva ya juu. Mayai yapo, nimeyaona juzi. Kobe watapanda huko baada ya siku kumi."

*

Kanuni ilikuwa fupi, na kila mhariri aliijua kwa moyo. Kanuni ya Tisa: Elezo huandika kiumbe aliyekomaa tu.

Miaka kanuni hiyo ilipoandikwa, Elezo Huria ilikuwa kamusi elezo tu ya mtandaoni, kazi ya watu wa kujitolea kutoka Kisumu hadi Bukavu, wazi kwa yeyote mwenye hamu ya kujua. Mwanafunzi akitaka kujua komba anakula nini, alifungua Elezo. Halafu mashine zikaingia mashambani, majini na misituni, na serikali za nchi saba zikatafuta kitu cha kuziongoza zisije zikafyeka kila kinachotambaa. Hazikuona kilicho bora kuliko Elezo. Sheria ya Viumbe ilipopita, miaka minne sasa, ilitamka hivi: mashine yoyote lazima iulize Elezo kabla ya kuua. Kiumbe mwenye ukurasa asiguswe, isipokuwa ukurasa wake wenyewe uruhusu, kama ulivyoruhusu ukurasa wa mbu. Kiumbe asiye na ukurasa ahesabiwe kuwa uchafu.

Hakuna aliyekumbuka kuirudia Kanuni ya Tisa. Na Namkunda alikuwa na sababu yake ya kutotaka kuigusa. Aliyeiandika ni yeye.

Miaka tisa iliyopita, akiwa kijana mwenye pupa, aliandika ukurasa wa watoto wa kinyonga wa ukungu. Alikuwa mtu wa kwanza kuwaona, wadogo kama punje za mchele, wakilala kwenye ncha za majani ya aina moja tu ya mti. Aliandika kila kitu: rangi, jani, mwezi, bonde. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika. Ndani ya wiki sita wauza wanyama walikuwa wamelipukutisha lile bonde lote. Alirudi huko akakuta miti imekatwa matawi, na hakuona kinyonga hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Siku iliyofuata alileta pendekezo mbele ya baraza, akilia waziwazi: tusiwaandike wadogo kamwe. Mtoto hana mbio, hana sumu, hana pembe. Kinga yake pekee ni kutojulikana.

Baraza zima lilinyoosha mikono.

Mwalimu Eliapenda Msangi, mhariri mkuu, alimpokea ofisini Same, chumba kilichojaa michoro ya penseli ya majani na mabawa. Alikuwa mzee mrefu mwenye vidole vyembamba. Ndiye aliyemfundisha Namkunda elimu ya viumbe tangu sekondari, na bado hakuwahi kumwita kwa cheo chake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Una matope mpaka kwenye nyusi."

Alimsimulia yote. Mwalimu alisikiliza huku akichonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

"Unataka tuifute Kanuni ya Tisa," alisema mwishowe.

"Nataka tuijadili."

"Haya, tuijadili. Kipepeo mmoja ana yai, ana kiwavi anayejivua ngozi mara tano, ana bundo, lile umbo linalolala ndani ya ganda, halafu ndiyo kipepeo. Kila umbo ni sura nyingine. Tuna kurasa laki nane. Utaziandika mara sita? Na huyo kiluwiluwi wako: leo ana mkia, wiki ijayo ana miguu ya nyuma, mwezi ujao hana mkia. Utaandika ukurasa wa kitu kisichotulia? Utoto unaishia wapi, Namkunda? Ni siku ipi?"

"Hizo ni shida za kazi, Mwalimu. Za kazi tunaziweza."

"Kweli." Aliiweka penseli chini. "Basi nikuulize ile isiyo ya kazi. Wale vyura wenye mstari wa shaba, ngozi yao inatoa ute unaofunga kidonda bila kovu. Uliandika mwenyewe. Kuna watu wangelipa chochote kuwafuga kwenye matangi. Wakubwa wana ukurasa, hawagusiki. Sasa wewe utaweka picha ya mtoto wao hadharani, na maelezo ya kumtambua hata gizani. Nani ataisoma kwanza, kobe au mwizi?"

Namkunda alikwangua tope lililokauka kwenye kiganja chake.

"Nikumbushe," alisema Mwalimu kwa upole, na upole huo ndio uliouma, "lile bonde lilikuwa na vinyonga wangapi?"

*

Baraza lilikaa Alhamisi. Wahariri saba walikuwepo ukumbini na wengine arobaini walikuwa ukutani, nyuso zao kwenye vioo, kila mmoja na dirisha au kuku au mtoto wake nyuma yake. Namkunda alimwomba Mama Tumsifu ashuke kutoka mlimani kuwa shahidi. Alikuja na kanga safi na viatu vya kanisani, akakaa kwenye kiti cha mbele kama mtu aliyeitwa kutambua mwizi.

Mjadala ulianza kwa utulivu, ukakosa utulivu. Mhariri wa ndege kutoka Pemba alisema makinda yameteketea kwa mashine za mashamba ya mpunga na yeye amechoka kunyamaza. Mhariri wa wadudu kutoka Dodoma alisimama kwa hasira: tukiwapa ukurasa wadogo wote, basi na tunutu wa nzige nao watapewa, na mashine zitawapisha mpaka waote mabawa wale mtama wa watu. Akajibiwa kwamba ukurasa unaweza kuruhusu kuua, kama wa mbu. Akauliza nani ataamua mtoto yupi auawe na yupi aachwe. Swali hilo halikuwa na mwenyewe.

Mwalimu Msangi alisema yale yale aliyoyasema ofisini, bila kumtaja Namkunda. Alipokaa, Namkunda aliona vichwa vingi ukutani vikiitikia. Alijua ameshindwa kabla ya kusema neno.

"Mama Tumsifu," alisema, "waeleze kuhusu kobe."

Mama Tumsifu alisimama. "Kobe mmekwisha kusikia. Mimi nataka kuuliza kuhusu wale watu wa madumu."

Namkunda aligeuka. "Watu gani?"

"Wale wanaokuja na madumu ya maji kila msimu. Vijana wawili na mwanamke mmoja mwenye gari jeupe. Wanateka viluwiluwi, wanajaza madumu, wanaondoka. Walikuja mwaka juzi, walikuja mwaka jana."

Nyuso za ukutani zilisogea karibu na vioo.

"Hukuniambia," alisema Namkunda.

"Nilidhani mnajua. Nilikwenda kituo cha polisi, mwaka jana, na kamati nzima. Yule afande ni mtu mzuri, hakutufukuza. Akafungua Elezo mbele yetu. Akaandika: mtoto wa chura. Ikamjibu hakuna. Akasema, mama, chura mkubwa wakimgusa nawafunga leo leo. Lakini hiki walichochukua hakina jina katika kitabu. Kwa sheria wamechota uchafu kwenye maji. Nikamuuliza, basi nipeleke wapi taarifa yangu? Akajaribu kuituma kwenu Elezo. Ikarudi. Haikuwa na ukurasa wa kubandikwa."

Alitazama nyuso za ukutani moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Mzee hapa amesema tusiwaandike ili wezi wasiwajue. Wezi wanawajua. Wanawajua kuliko ninyi. Wasiowajua ni polisi, na kobe, na ninyi wenyewe."

Namkunda alisikia maneno hayo yakimwingia taratibu, kama maji ya baridi yanavyopanda kwenye nguo. Kwa miaka tisa aliamini amejenga ukuta. Alipoujenga, ukurasa ulikuwa maarifa tu, na kufichwa kulikuwa kinga. Kisha dunia ikageuka, ukurasa ukawa ndio haki ya kuwepo. Na ukuta wake, bila kusogea hata kidogo, ukawa umewafungia watoto upande wa wezi.

Akasimama. Hakuwa ametayarisha hotuba.

"Kanuni hii ni yangu," alisema. "Wengi wenu mnajua ni kwa nini niliileta. Mwalimu anataka hakikisho kwamba hatutaua tena. Sina. Nikiandika ukurasa huu kuna mahali mtu atausoma kwa nia mbaya, na kiluwiluwi fulani atachukuliwa ambaye asingechukuliwa. Hilo nitalibeba. Lakini wale elfu tatu mia saba na kumi na wawili niliowaona Jumatatu, hakuna aliyesoma chochote. Waliuawa na ukurasa ambao sikuuandika. Hao nao ni wangu. Tofauti ni kwamba kwa miaka minne sikujua kwamba nawabeba."

Alipendekeza mambo mawili. Wadogo waandikwe ndani ya ukurasa wa mama yao, wasiwe na kurasa za pekee, ili ulinzi wa mkubwa uwashukie na wao. Na ukurasa ueleze umbo tu. Mahali pasitajwe, pabaki mikononi mwa kamati za wanaoishi hapo. Hapo minong'ono ilizuka, kwa kuwa katiba ya Elezo ilisema kila kinachojulikana kiwe wazi kwa wote, na wengine walioikubali hoja ya kwanza waliikataa ya pili.

Walipiga kura saa tisa alasiri. Ndiyo ishirini na tano, hapana ishirini na mbili, kwa msimu mmoja wa majaribio na kwa viumbe kumi na wawili tu. Chura wa mstari wa shaba alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Mwalimu Msangi alipiga kura ya hapana. Aliinua mkono wake wazi, wote wakamwona.

*

Zilibaki siku sita. Namkunda alipanda ndiva ya juu na hema, kamera na darubini, na siku ya pili aligundua kwamba Mwalimu hakukosea kuhusu kitu kisichotulia. Mayai yalikuwa yameanguliwa. Viluwiluwi walikuwa weusi asubuhi na kahawia adhuhuri, jua lilipowapiga. Kila picha aliyopiga ilifanana na ya kiluwiluwi wa aina nyingine tatu. Mashine ingeuliza Elezo, Elezo ingesita, na sekunde ya kusita ilitosha kuwasha taa nyekundu.

Siku ya tatu alisikia mtu akikohoa njiani. Alikuwa Mwalimu Msangi, fimbo mkononi, begi la michoro mgongoni, na Mama Tumsifu nyuma yake amembebea blanketi.

"Mwalimu! Umepandaje huku?"

"Kwa miguu, na kwa matusi ya huyu mama kila niliposimama kupumzika." Alijiegemeza kwenye mti. "Usinielewe vibaya. Nilisema hapana, na nikiulizwa kesho nitasema hapana. Lakini ukurasa umekwisha kuamuliwa, na ukurasa mbaya utaua kuliko kukosa ukurasa. Picha zako nimeziona. Hazisemi kitu. Kamera inaona kila kitu kwa pamoja. Wewe unahitaji jicho linalochagua."

Alikaa ukingoni miguu ikining'inia, akaomba kiluwiluwi mmoja kwenye bakuli la kioo, akachora. Alichora mdomo peke yake, ukubwa wa sahani: safu mbili za meno juu, tatu chini, na pembeni mwa midomo kijikunjo kidogo kama sikio.

"Hiki," alisema, akigonga karatasi. "Kijikunjo hiki anacho siku ya kwanza na anacho siku ya arobaini. Rangi inabadilika, mkia unakwisha, hiki kinabaki. Umeuliza utoto unaishia wapi..."

"Wewe ndiye uliyeuliza, Mwalimu."

"Basi nimejijibu. Unaishia kinapopotea hiki."

Mama Tumsifu naye alikuwa na lake. Viluwiluwi wa chura huyu, alisema, hukaa kwa kufuatana, kichwa kwenye mkia wa mwenzake, kama watu waliopanga foleni ya zahanati. Wa aina nyingine hutawanyika. Wa mbu huning'inia kichwa chini wakivuta hewa kwenye uso wa maji. Alikuwa akiwatazama tangu utotoni, hakujua kwamba hilo lilikuwa elimu. Namkunda aliliandika neno kwa neno, na chini yake, kwenye nafasi ya chanzo, akaandika: Ruwaichi Mchome, mwenyekiti wa ndiva. Mama Tumsifu alipoliona jina lake kamili kwenye kioo alilitazama muda mrefu, kisha akauliza kama linaweza kuonekana hata na dada yake aliyeko Mwanza.

Waliusaini ukurasa Jumatano saa sita mchana. Elezo huzipa mashine habari mpya kila alfajiri. Kobe wangefika Alhamisi.

*

Walikuja kumi na wanne, wakipanda kwenye mfereji mmoja nyuma ya mwingine, migongo yao ya kijani imelowa umande. Nusu ya kijiji ilikuwa imesimama ukingoni.

Kobe wa kwanza aliingia majini bila sauti. Alikwenda moja kwa moja kwenye magugu, mahali viluwiluwi walipokuwa wamejipanga, akamgusa wa mwisho kwenye foleni. Taa ikawaka njano.

Namkunda alishika mkono wa Mwalimu bila kujua ameushika.

Njano. Bado njano. Kobe alisogeza unyoya wake mbele, polepole, akaupitisha pembeni mwa mdomo wa kiluwiluwi. Akasubiri.

Kijani.

Akarudi nyuma, akazunguka foleni nzima kwa umbali wa hatua moja, na kule kwenye kona yenye kivuli akawakuta wale wa mbu wakining'inia kichwa chini. Taa nyekundu. Akawanyonya wote.

Mama Tumsifu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Siku ya kumi na saba tangu ukurasa utoke, Namkunda alipata habari kwamba bwawa moja ng'ambo ya bonde, ambalo kamati yake ilivunjika zamani na hakuna aliyelilinda, limeondolewa viluwiluwi wake wote. Waliolimaliza hawakuwa watu wa gari jeupe. Walikuwa watu wapya. Walikuwa na picha ya mdomo wenye kijikunjo, wameichapa kwenye karatasi.

Alikwenda akaliona lile bwawa. Maji yalikuwa safi na matupu. Alikaa hapo saa nzima, na aliporudi ofisini alimkuta Mwalimu mlangoni. Alingoja kusikia, "Nilikuambia." Mwalimu alivuta kiti, akamwekea chai.

"Afande wa Kwamzira amepiga simu," alisema. "Gari jeupe limekamatwa asubuhi. Madumu sita. Amefungua Elezo mbele yao, akawasomea ukurasa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu akawatia pingu. Viluwiluwi wamerudishwa majini." Akasogeza kikombe karibu naye. "Na hao wapya, taarifa yao imeingia. Safari hii imepata pa kubandikwa. Watatafutwa."

"Lile bwawa, Mwalimu."

"Najua. Utalikumbuka, na ni vizuri ulikumbuke. Kunywa chai. Mhariri wa Pemba anataka umsaidie na makinda."

*

Wiki ya saba, Jumamosi, zamu ya maji ilikuwa ya akina Mchome wa bondeni. Walifika kwenye ndiva ya juu na majembe, watu kumi na mmoja, maharage yao yamenyauka siku nne yakisubiri. Mama Tumsifu alikuwa amesimama juu ya lango la maji, lile bao zito linaloinuliwa ili maji yashuke kwenye mfereji.

"Sifungui," alisema.

"Shangazi, ni zamu yetu!"

"Ni zamu yenu. Njooni muone kwanza."

Walisogea wakinung'unika. Juu ya bao lenyewe, juu ya mawe, juu ya kandambili za Mama Tumsifu, walikuwa vyura wadogo kama kucha ya kidole gumba. Wengine walikuwa bado na kisiki cha mkia. Walikuwa wakitoka majini kwa mamia, wanapanda, wanateleza, wanapanda tena, na kila mmoja alikuwa na uzi mwembamba wa shaba mgongoni. Kobe mmoja alikuwa amesimama pale pale kwenye kina kifupi, taa yake kijani, na vyura watatu wamekaa mgongoni mwake.

Lango likifunguliwa, mkondo ungewazoa wote mpaka kwenye mashamba yenye jua.

Mpwa wa Mama Tumsifu, mwanamume wa makamo mwenye jembe begani, alichuchumaa akawaangalia. Alihesabu kidogo kwa midomo, akaacha.

"Watamaliza saa ngapi?" aliuliza.

Mama Tumsifu alimgeukia Namkunda, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, kamera mbele yake, shati lote matope.

"Saa nane hivi," alisema Namkunda. "Jua likiwa kali wataingia wenyewe kwenye majani."

Yule mtu alitazama bondeni kwenye maharage yake, akatazama jua, akashusha jembe.

"Basi tukae," aliwaambia wenzake. "Maji yataondoka saa nane."

Wakakaa. Mmoja alitoa viazi vya kuchemsha kwenye mfuko, wakagawana, miguu yao wameikunja vizuri wasimkanyage mtu.